Geti Halihitaji Gurudumu la Tatu

"Injinia, geti langu la kusukuma linakwama katikati ya reli. Niongeze gurudumu la tatu?"

Swali hili huletwa na mwenye nyumba, huletwa na fundi wa kuchomelea, huletwa hata na mwanafunzi wa uhandisi ambaye somo la mitambo amelifaulu vizuri. Jibu ni hapana. Limekuwa hapana miaka yote, na bado gurudumu la tatu huongezwa, geti huzidi kukwama, kisha naulizwa kama la nne litasaidia. Nalijibu leo kwa kirefu, kwa sababu imani iliyo nyuma yake haiishii kwenye geti. Iko kwenye meza zinazoyumba, milango inayolia, fremu zinazolala upande na vyuma vinavyopasua kuta. Imani yenyewe ni hii: kitu kikileta shida, ongeza chuma, kwani chuma zaidi ni uimara zaidi. Imani hii ni ya uongo, nayo inawagharimu watu fedha, na wakati mwingine usalama wao.

Swali sahihi si "niongeze nini?" Swali sahihi ni "kitu hiki bado kinaweza kwenda wapi, na ni nini kinachokizuia kwenda kwingine?" Kulijibu swali hilo ndiko kuhesabu digrii za uhuru, na hesabu yake haizidi kujumlisha na kutoa.

Kitu kigumu kikiwa huru hewani kina njia sita za kwenda: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, pamoja na kuzunguka kwa namna tatu. Hizo sita ndizo digrii zake za uhuru. Kila mahali kinaposhikwa au kuegemezwa, baadhi ya digrii hizo huondoka. Mbunifu anatakiwa kuondoa zile asizozitaka na kubakiza ile anayoitaka, bila kupunguza wala kuzidisha.

Sasa tulihesabu geti. Gurudumu la kwanza lenye mfereji, likikaa juu ya mgongo wa reli, linaondoa digrii mbili: upande ule wa geti hauwezi tena kushuka, wala hauwezi kutoka nje ya reli. Gurudumu la pili, lililo upande mwingine, linaondoa mbili nyingine kwa namna hiyohiyo, na sasa fremu haiwezi kuinama wala kukaa mshazari juu ya reli. Kuhusu kupaa, uzito wake wenyewe unaikalisha chini. Zimeondoka nne, zimebaki mbili: kwenda na kurudi juu ya reli, na kuanguka ubavu. Rola za juu zinaondoa kuanguka ubavu. Zimeondoka tano. Imebaki moja, nayo ndiyo uliyoilipia: geti liende na lirudi.

Gurudumu la tatu, basi, linaondoa nini? Hakuna kilichobaki cha kuondoa isipokuwa mwendo uleule unaoutaka. Ndiyo sababu geti linakwama zaidi.

Najua utetezi unaofuata, kwani nimeusikia kila mara: "Injinia, gurudumu la tatu si la kuzuia, ni la kugawana mzigo." Tuupime kwa namba. Chukua geti la kilo 300 lenye magurudumu mawili, na uzito wake uko katikati. Kila gurudumu linabeba kilo 150. Hapo hakuna cha kubahatisha: reli iwe imenyooka au imezama kidogo, mgawanyo unabaki karibu uleule, kwa sababu kitu kigumu chenye viegemeo viwili hukaa juu ya vyote viwili.

Weka la tatu katikati. Fremu ni ngumu, haipindi kwa urahisi. Reli ikiwa imezama katikati kwa milimita mbili, gurudumu la kati linaning'inia hewani na halibebi hata kilo moja. Umenunua gurudumu la pambo. Reli ikiwa imeinuka katikati kwa milimita mbili, fremu nzima inapanda juu ya gurudumu la kati na kuanza kupepesuka, mara inagusa upande huu, mara upande ule. Kwa kuwa uzito uko juu ya katikati, gurudumu hilo moja sasa linabeba karibu kilo zote 300. Uliongeza gurudumu ili kupunguza mzigo, na gurudumu lililoelemewa kuliko yote limebeba mara mbili ya mzigo ambao kila gurudumu lilibeba awali. Mgawanyo wa kilo 100 kwa 100 kwa 100 uliokuwa kichwani mwako unahitaji reli, magurudumu na fremu vilingane kwa usahihi ambao hakuna fundi anayeupata kwa reli iliyolazwa kwenye zege lililomwagwa kwa mkono juu ya udongo unaovimba masika na kupasuka kiangazi.

Ukweli huo hauishii hapo. Geti linatembea. Gurudumu la kati halikai mahali pamoja pa reli. Linapita kwenye kila bonde na kila kilima cha reli hiyo. Kwa hiyo mzigo wa magurudumu yote matatu unabadilika muda wote geti linapokwenda, la kati likitoka sifuri hadi karibu uzito wote, na beringi hufa kwa sababu ya kilele cha mzigo. Wastani hauiokoi. Mwenye geti la umeme ataona jambo hilohilo kwenye mota: inaguna mahali palepale kila siku, kisha mota ndiyo inayolaumiwa.

Kwenye bawaba imani hii imeota mizizi zaidi. Bawaba moja ya kawaida inaondoa digrii tano na kubakiza moja: kufunguka na kufunga. Kwa hesabu tupu, bawaba moja inatosha. Ukiweka mbili umeondoa kumi kati ya sita, yaani hasi nne. Ukiweka tatu umefika hasi tisa. Kwa nini basi mlango wenye bawaba tatu hufunguka? Hufunguka kwa sababu moja tu: pini zote tatu zimepangwa kwenye mstari mmoja ulionyooka. Zikiwa kwenye mstari mmoja, bawaba zote zinazuia mambo yaleyale na kuruhusu jambo lilelile. Nguzo ikiinama, au bawaba ya kati ikichomelewa milimita tatu nje ya mstari, kila bawaba inataka mlango uzunguke kwenye mhimili wake yenyewe. Mlango hauwezi kuwatii mabwana watatu. Unalia, pini zinalika upande mmoja, kisha mchomeleo unapasuka. Hapo mwenye mlango anaambiwa aongeze bawaba ya nne.

Mafundi wa zamani wa pwani hawakuwa na tatizo hili. Tazama milango mizito ya kuchonga ya Lamu na Unguja inayozunguka juu ya vigingi vyake yenyewe, kimoja chini na kimoja juu. Kigingi cha chini kimekaa ndani ya tundu na kubeba uzito wote. Kinazuia kushuka, kinazuia kwenda mbele na nyuma, kinazuia kwenda kushoto na kulia. Hizo ni tatu. Kigingi cha juu kimo ndani ya tundu lenye nafasi kidogo. Kinazuia kuangukia mbele na kuangukia pembeni. Hizo ni mbili. Tatu na mbili ni tano. Imebaki moja kamili, bila ziada, na ndiyo maana ukuta wa mawe na chokaa ukitulia polepole kwa miongo mingi mlango bado unaweza kuzunguka. Mlango wenyewe ni mzito, na hauna bawaba hata moja.

Sasa nije kwenye sehemu inayowakera zaidi wanafunzi wangu, kwa sababu inawanyang'anya fomula wanayoitegemea. Chukua fremu ya geti la kufungua, yaani pande nne za mstatili. Fikiria kila kona ni pini inayozunguka. Fomula iliyo kwenye vitabu, inayobeba majina ya Chebyshev, Grübler na Kutzbach, inasema hivi kwa mtambo wa bapa: hesabu vipande, toa kimoja ambacho ndicho msingi, zidisha kwa tatu, kisha toa mbili kwa kila pini. Vipande vinne, pini nne: tatu mara tatu ni tisa, toa nane, inabaki moja. Sawa kabisa. Mstatili wa pini unalala upande, na ndivyo geti linavyolala upande wa komeo baada ya miaka michache.

Fundi anaambiwa geti linalala. Anachomelea nondo ya wima katikati. Vipande vimekuwa vitano, pini sita: tatu mara nne ni kumi na mbili, toa kumi na mbili, inabaki sifuri. Fomula inasema fremu imefungwa. Lakini fremu inalala vilevile! Nondo ya kati ni sambamba na zile za pembeni na ina urefu uleule. Zote tatu zinainama pamoja kwa adabu, na hakuna hata moja inayompinga mwenzake. Ongeza nondo kumi za wima badala ya moja, kama mageti mengi yalivyo. Vipande 14, pini 24: 39 toa 48, hasi tisa. Kwa mujibu wa fomula, fremu hiyo imefungwa mara tisa kupita kiasi. Isukume kwenye kona, italala.

Ondoa nondo zote kumi. Weka chuma kimoja tu cha mshazari, kutoka kona moja hadi kona ya pili iliyo kinyume. Vipande vitano, kwenye kona mbili sasa vinakutana vipande vitatu, kwa hiyo kila moja ya kona hizo inahesabiwa pini mbili, jumla sita. Jibu ni sifuri, sifuri ileile ya nondo ya kati. Safari hii fremu haisogei, kwa sababu mstatili umegawanywa kuwa pembetatu mbili, na pembetatu haibadiliki umbo bila upande wake mmoja kurefuka au kufupika.

Tafadhali rudia kusoma aya hizo mbili, kwani ndipo jambo lote lilipo. Chuma kimoja cha wima na chuma kimoja cha mshazari vinatoa namba moja kwenye hesabu, na kimoja hakifanyi kazi yoyote wakati kingine kinaifanya yote. Kama uimara ungetokana na wingi wa chuma, vingelingana.

Sababu inajulikana tangu zamani. James Clerk Maxwell, mwanafizikia wa Uskoti, aliandika mwaka 1864 kwamba fremu ya bapa yenye viungo kadhaa inahitaji, kwa kawaida, vyuma vilivyo mara mbili ya viungo hivyo, ukitoa vitatu, ili iwe ngumu. Viungo vinne vinahitaji vyuma vitano: pande nne na mshazari mmoja. Maxwell mwenyewe aliona kwamba kanuni yake ina mianya. Mwaka 1978 Christopher Calladine wa Cambridge aliiweka sawa: hesabu ya vyuma na viungo haikupi idadi ya digrii za uhuru. Inakupa tofauti kati ya vitu viwili, yaani digrii za uhuru zilizobaki, ukitoa vizuizi vya ziada visivyo na kazi. Sifuri ya mshazari ni sifuri toa sifuri. Sifuri ya nondo ya wima ni moja toa moja: uhuru mmoja bado upo, na kizuizi kimoja kimewekwa mahali ambapo hakikuhitajika. Hasi tisa ya nondo kumi ni moja toa kumi. Fomula haioni urefu wala mwelekeo wa chuma; inahesabu vichwa tu. Anayeitumia bila kutazama umbo atapata namba, na namba hiyo haitamwambia kama geti linalala.

Fundi atanijibu kwamba kona zake hazina pini, zimechomelewa. Ni kweli, na kuchomelea kunasaidia. Lakini kona iliyochomelewa inazuia fremu isilale kwa kupinda yenyewe, na chuma kinapinda kwa urahisi zaidi sana kuliko kinavyorefuka. Geti lisilo na mshazari linaning'inia kwenye upindo wa kona zake nne kila saa, mchana na usiku. Muda si muda zinachoka. Ukiliwekea mshazari, mzigo huohuo unakuwa wa kuvuta au kusukuma kwenye mstari wa chuma, na hapo chuma ni hodari.

Naweza pia kuambiwa kwamba ziada inafanya kazi mahali pengine, basi kwa nini isifanye kwenye geti. Inafanya, kwa bei yake. Katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi limesimama garimoshi la mvuke la daraja la 59, aina ya Garratt, liitwalo Mount Gelai, lililoundwa na Beyer, Peacock wa Manchester katika miaka ya 1950. Simama ubavuni mwake. Kila moja ya injini zake mbili ina ekseli nne za kuendesha, na magurudumu yake yameunganishwa kwa mitaimbo ya chuma. Tuuchukulie mtaimbo wa upande mmoja kuwa kipande kimoja: msingi, ekseli nne na mtaimbo ni vipande sita, viungo ni vinane. Kumi na tano toa kumi na sita, hasi moja. Ni fremu ileile ya geti yenye nondo mbili za kati. Magurudumu yanazunguka kwa sababu urefu wa mtaimbo kati ya pini na pini ni sawasawa na umbali wa ekseli na ekseli, na pini zote ziko umbali mmoja kutoka katikati ya gurudumu. Usahihi huo ulilipiwa kiwandani na kulipiwa tena kwenye karakana kila matengenezo yalipofanyika.

Tazama na upande wa pili wa garimoshi hilohilo. Pini za upande mmoja hazilingani na za upande wa pili. Zimepishana robo ya mzunguko. Hilo ni la lazima. Mtaimbo unapofika mahali ambapo pini zote na vitovu vya magurudumu viko kwenye mstari mmoja, mtambo wa upande huo unapata kwa nukta hiyo digrii ya uhuru ambayo haukuwa nayo: gurudumu moja lingeweza kuendelea mbele na jingine kurudi nyuma. Upande wa pili, ukiwa robo mzunguko mbali, hauko kwenye mstari huo, na unalizuia. Hapo kizuizi kimoja kinaonekana cha ziada karibu mzunguko mzima, isipokuwa nukta mbili, na kwa ajili ya nukta hizo kimewekwa. Waliolibuni walijua kila chuma kinaondoa nini na wakati gani. Mwenye gurudumu la tatu kwenye geti hana jibu la swali hilo.

Hoja ya mwisho ya watetezi ni geti la jirani: lina magurudumu matatu na linakwenda vizuri. Linakwenda kwa sababu fremu yake ni nyepesi na inapinda, au gurudumu lake la kati haligusi reli, au mfereji wa gurudumu ni mpana kuliko reli na una nafasi ya kucheza. Kulegea ndiko kunakoliokoa. Gari lina magurudumu manne na halipepesuki barabarani kwa sababu hiyohiyo, ila kwa makusudi: springi zinaachia kila gurudumu litafute ardhi yake. Meza ya miguu minne haina springi. Sakafuni meza inahitaji kuzuiwa mambo matatu tu, kushuka na kuinama kwa namna mbili, na mguu wa nne hauna kazi isipokuwa sakafu na miguu vilingane. Mafiga huwa matatu, na chungu hukaa juu ya ardhi yoyote bila kuchonga wala kusawazisha. Wapima ardhi husimamisha vyombo vyao kwenye miguu mitatu kwa sababu hiyo. Tahadhari moja: kutoyumba si sawa na kutopinduka. Bajaji inagusa ardhi kwa magurudumu yote matatu muda wote, na bado inapinduka upesi ikikata kona kwa kasi, kwa sababu eneo iliyolikalia ni dogo. Miguu minne huongezwa ili kupanua eneo hilo. Basi ongeza ukijua kwamba ndiyo sababu, na uweke skrubu ya kurekebisha kwenye mguu mmoja.

Nimetaja vyuma vinavyopasua kuta, nalo ni tatizo hilihili. Chuma cha mita sita kikipata joto nyuzi 30 zaidi kati ya alfajiri na mchana, jambo la kawaida kwa chuma kilichopakwa rangi nyeusi juani, kinarefuka milimita mbili na zaidi kidogo. Ukikishika upande mmoja na kuacha upande wa pili uteleze, hakuna tatizo. Ukikichomelea pande zote mbili kwenye kuta zisizolegea hata kidogo, na kama hakipindi, ndani yake kunazuka msukumo wa newtoni 72 kwa kila milimita mraba. Kwa ango ya milimita 50 kwa 50 yenye unene wa milimita 5, huo ni msukumo wa karibu tani tatu na nusu, kila mchana, kwa kizuizi ambacho hakuna aliyekihitaji. Madaraja huwekwa upande mmoja umefungwa na upande mwingine juu ya rola au mpira kwa sababu hii.

Sasa ya kufanya, kwa ufupi. Geti la kusukuma linalokwama: toa gurudumu la kati, nyosha reli kwa kamba na pimamaji, ondoa mchanga, weka magurudumu mawili karibu na ncha, kila moja likiwa na beringi yenye uwezo wa kubeba geti zima peke yake. Rola za juu ziwe na mwanya wa milimita chache, na reli iwe na vizuizi imara vya mwisho pande zote mbili. Geti likipita rola za juu linaanguka ubavu, na likianguka linaua. Geti zito mno kwa magurudumu mawili: weka jozi ya magurudumu kila ncha, kila jozi kwenye kigari chake kinachocheza juu ya pini moja, kama mabogi ya treni; jozi hiyo inahesabika kama kiegemeo kimoja, na mzigo unagawanyika wenyewe.

Geti la kufungua lililo zito: beringi ya chini ibebe uzito, pete ya juu yenye nafasi kidogo ilishike lisianguke, basi. Ukilazimika kutumia bawaba, pitisha bomba moja lililonyooka kwenye zote kabla ya kuchomelea, na pima nguzo kwa timazi. Fremu inayolala: weka mshazari. Ukiwa waya au flati ba nyembamba, uvute kutoka kona ya juu upande wa bawaba hadi kona ya chini upande wa komeo. Ukiwa ubao, usukume kutoka kona ya chini upande wa bawaba hadi kona ya juu upande wa komeo. Bomba nene linafaa kwa mwelekeo wowote. Chuma kirefu kati ya kuta mbili: bolti za kawaida upande mmoja, matundu marefu upande wa pili.

Wanafunzi: msisahau kutoa kipande cha msingi, vipande vitatu vikikutana kwenye pini moja hesabuni mbili, rola inayojizungusha yenyewe bila kubadili mwendo wa mtambo ina digrii yake ya bure, iondoeni kwenye jibu. Fomula ikishatoa namba, choreni mtambo, sogezeni kipande kimoja kwa kidole, na muone kama vingine vinakubali.

Na mwenye nyumba, fundi akikwambia unahitaji chuma kingine, muulize swali moja kabla hujatoa fedha: chuma hicho kinazuia mwendo gani ambao sasa haujazuiwa? Akikuonyesha mwendo huo kwa mkono wake, kinunue. Akikujibu kwamba kitaongeza nguvu tu, mrudishe kwenye reli na pimamaji, kwani tatizo lako bado halijatafutwa.